Kizimba cha Punda Wawili

Mnyama mgonjwa hulala peke yake. Katika hospitali ya wanyama ya kitivo kile, kanuni hiyo haikuhitaji kubandikwa ukutani, ingawa ilikuwa imebandikwa kwa herufi nyekundu juu ya kila kizimba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliijua kabla hajajua kumpima mbuzi joto. Aliyeiweka alikuwa Mkuu wa hospitali, mzee aliyenyooka mgongo na maneno, baada ya ndama mmoja mwenye kuhara kuachwa alale na wenzake, na kulipokucha banda zima likawa linahara. Aivunjaye, awe mwanafunzi au profesa, huzoa samadi ya vizimba vyote kwa mkono wake mwenyewe, mpaka Mkuu aridhike. Na Mkuu hakuwa mtu wa kuridhika upesi.

Mhadhiri mmoja wa upasuaji, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Punda, alikuwa hajawahi kuivunja kanuni hiyo wala nyingine yoyote. Jina lile alipewa kwa dhihaka, naye akalipokea kama mtu apokeavyo kanzu iliyompwaya: akalivaa hata likamkaa. Wenzake walitibu ng'ombe wa maziwa na farasi wa matajiri. Yeye alipenda punda.

Kila mwaka kitivo kilitenga fungu dogo la kuwasaidia wahadhiri wake kuanzisha utafiti ambao bado haujawa na sura ya kuwapelekea wafadhili wakubwa. Fungu hilo wote waliliita mbegu. Masharti yake yalijulikana. Mwombaji awe bado katika miaka yake ya mwanzo kazini, awe na mwenza kutoka idara nyingine, na alitetee andiko lake mbele ya jopo akiwa na ushahidi wa jaribio dogo. Mama Punda alikuwa ameomba mara mbili na mara mbili amekosa. Safari ya kwanza jopo lilisema punda hawana tija. Safari ya pili lilicheka tu, na mjumbe mmoja akamuuliza, "Asante ya punda ni mateke, Daktari. Wewe unatafuta asante ya namna gani?" Sasa umekuja mwaka wake wa mwisho wa kustahili. Akikosa safari hii, mlango utafungwa, na swali lake atazeeka nalo.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Ng'ombe akiumwa huguna, mbwa hulia, lakini punda husimama kimya na kuvuta mzigo hadi siku anapoanguka. Je, uso wake hausemi kitu? Mama Punda aliamini kwamba unasema. Alitaka kutengeneza kipimo cha kusoma masikio, macho, pua na kidevu, ili hata mwenye gari la maji, asiye na daktari wala darubini, amtazame mnyama wake asubuhi na kusema, "Leo huyu anaumwa, leo hatoki."

Mwenza wake katika andiko alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mhadhiri wa lishe ya mifugo, mwanamke ambaye kicheko chake kilifika ofisini kabla yake. Walikuwa wamegawana kazi. Mmoja atatibu na kupiga picha, mwingine atalisha na kupima kilo.

Mgonjwa wao alikuwa punda jike aliyeitwa Staha, mali ya mchukuzi wa maji, aliyeletwa akichechemea kwa jipu ndani ya ukwato. Mama Punda alilipasua, akalisafisha, akalifunga, akampa dawa ya maumivu. Kwenye nguzo iliyokabili kizimba alikuwa amefunga kamera ndogo iliyopiga picha ya uso mchana kutwa, kabla ya matibabu na baada yake. Hesabu ilikuwa nyepesi: uso wa kabla utakuwa na huzuni, uso wa baada utakuwa umekunjuka, na jopo litaona kwa macho yake.

Siku moja kabla ya kikao, alizitandaza zile picha juu ya meza ya ofisi, akazitazama, kisha akaketi.

"Wifi," aliita kwa simu, "njoo uione aibu yangu kabla hawajaiona wengine."

Wifi alikuja akiwa bado na vumbi la pumba kwenye mikono. Akainama mezani. "Huyu ndiye wa kabla?"

"Huyo ni wa baada."

"Basi wa baada ni huyu."

"Huyo ni wa kabla."

Wifi akanyanyuka taratibu. "Mbona wote wamefiwa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Masikio yameanguka pembeni kama majani ya mgomba yaliyokosa mvua, macho yamezama, mdomo wa chini umelegea. Picha za kabla na picha za baada zilikuwa pacha.

"Labda jipu limerudi," alisema wifi.

Walishuka bandani. Mama Punda aliuinua ule mguu, akaubana ukwato kwa koleo la kupimia, upande huu na upande ule. Staha hata hakutikisa mkia. Akamtoa uani, akamtembeza juu ya saruji. Hatua zilikuwa sawa, hakuchechemea hata kidogo. Akamrudisha kizimbani, na masikio yale yakaanguka palepale.

"Maumivu hana," alisema Mama Punda.

"Na kula hali! Nimemkatia nyasi laini, nimemchanganyia na molasi, ananitazama kama mkwe aliyeletewa chai ya baridi. Wanafunzi wameanza kunong'ona kwamba mwalimu wao wa lishe ameshindwa kumlisha punda. Punda, wifi! Mnyama anayekula hadi maboksi!"

Waliporudi mezani, wifi alizipekua picha tena, na safari hii akachomoa chache kutoka kwenye rundo la baada. Katika hizo masikio yalisimama wima, macho yaling'aa, na mdomo ulikuwa umefungwa kwa adabu.

"Si hizi hapa?" alisema, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchovu. "Tuwaonyeshe hizi, tuzifunike zile, twende zetu nyumbani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe hutakuwa kwenye jopo."

"Wifi."

"Haya, haya. Nimejaribu tu. Hata mimi dhamiri ingenisuta." Akazisukuma zile picha mbele ya mwenziwe. "Lakini ni nzuri."

Mama Punda alizichukua ili azirudishe kwenye rundo, akasita. Mwanga wa jua katika zile picha zote uliingia kutoka upande uleule. Zilipigwa alasiri, kila siku alasiri, na muda mfupi baadaye masikio yalikuwa yameanguka tena. "Alasiri kuna nini?" aliuliza.

"Kuna njaa. Ni saa ya chakula."

"Chakula chako hakili."

"Usinikumbushe." Wifi aliketi, akavua viatu. "Basi ana ugonjwa wako. Kaka yangu akisafiri kikazi, hakuna sufuria inayochafuka nyumbani kwako. Unakaa dirishani na uso huuhuu, mdomo umening'inia hivi, na ukiulizwa kama unaumwa unasema huumwi. Ukisikia gari barabarani, masikio juu! Likipita, masikio chini!"

Alimwigiza vizuri sana, kwa viganja viwili juu ya kichwa, na angeendelea kama asingeona kwamba wifi yake hacheki.

"Rudia ulivyosema."

"Aa, jamani, nilikuwa natania!"

"Tania tena, polepole."

Kabla hajatania tena, huko langoni ulisikika mlio mrefu, mkavu, usio na haya, mlio wa punda. Mchukuzi wa maji alikuwa amefika kumtazama mgonjwa wake, kama alivyofika kila alasiri, na punda wake wa pili, jike jeusi aliyeitwa Kisirani, alifungwa kwenye nguzo ya lango. Wanawake wawili wale walitazamana. Kisha wakakimbia ngazini, mmoja wao bila viatu.

Staha alikuwa amesimama katikati ya kizimba. Masikio yalisimama kama mishumaa miwili, na shingo yake ilikuwa imenyooshwa kuelekea lango asiloweza kuliona.

"Hawa wawili uliwanunua pamoja?" Mama Punda alimwuliza mchukuzi.

"Siku moja, Daktari, kwa mtu mmoja. Huyu kulia, yule kushoto, ndivyo wanavyovuta. Tangu Staha aletwe hapa, Kisirani ananiburuza kuja huku, simburuzi mimi."

Ikawa dhahiri. Mama Punda alikuwa akipima upweke na kuuita maumivu. Na upweke ule haukuja na mgonjwa kutoka nyumbani, ulitengenezwa palepale, na zile herufi nyekundu za juu ya kizimba. Lakini kujua ni jambo moja, na kuthibitisha ni jambo jingine. Kikao kilikuwa kesho asubuhi. Ushahidi ulikuwa mmoja tu, nao ulikatazwa.

Alikwenda kwanza kuomba ruhusa, na hilo lihesabiwe upande wake. Mkuu wa hospitali alikuwa chumba cha upasuaji, mikono imo ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na mlangoni paliandikwa kwamba asibughudhiwe. Mama Punda alisimama pale korido, akausikia ukimya wa chumba kile, akarudi. Hapa hapasemwi kwamba alilolitenda lilikuwa jema. Kanuni haiwi mbovu kwa sababu mwenye kuilinda hayupo. Inasemwa tu kwamba alilitenda akijua bei yake.

Alimpima Kisirani joto, akamfunua ufizi, akamsikiliza mapafu pande zote mbili, akamkagua kwato, ngozi na kinyesi. Aliporidhika kwamba mnyama yule ni mzima, na kwamba jipu la ukwato haliambukizi, alishika komeo.

"Mzee atakuzolesha samadi mpaka ustaafu," alinong'ona wifi.

"Najua."

"Basi angalau sogeza kamera. Lile bango linaonekana lote kwenye picha."

"Liache lionekane."

Akafungua.

Kisirani hakukimbia. Aliingia kama mwenye nyumba arudiye kutoka safari, akapita, akanusa ndoo, akanusa bandeji, kisha akaiweka shingo yake nyeusi juu ya shingo ya mwenziwe na kuiacha pale. Staha alitoa pumzi ndefu kwa pua. Mdomo uliolegea ukafungika. Masikio yakapanda, si kwa kusikiliza jambo la mbali, bali kwa kustarehe, yakielekea upande wa rafiki. Wakakaa hivyo. Na baada ya muda kidogo, bila haraka, Staha aliinamisha kichwa ndani ya hori.

"Anakula!" Wifi aliruka akampiga mchukuzi wa maji begani, mtu asiyemjua hata kwa salamu. "Anakula chakula changu! Mmeona? Chakula hakikuwa na kasoro! Waiteni wale wanafunzi waje hapa wote!"

"Nyamaza, wifi, utawashtua."

"Siwezi kunyamaza, nimesafishwa jina!"

Mama Punda alikuwa akicheka na machozi yakimtoka, na mkono wake ungali umeshika komeo.

Asubuhi ya kikao alivaa gauni lake la kijivu, akazipanga picha zake na kuingia. Jopo lilikaa nyuma ya meza ndefu. Katikati alikuwa Mkuu wa Kitivo, mtu mcheshi aliyependa kumaliza vikao kabla ya chai. Kulia kwake alikaa profesa wa ng'ombe wa maziwa, yule aliyeuliza habari za asante mwaka uliopita. Kushoto, mgongo haugusi kiti, alikaa Mkuu wa hospitali.

"Karibu, Mama Punda," alisema Mkuu wa Kitivo. "Andiko lako tumelisoma. Tutetee."

"Shikamooni, wazee wangu. Siwezi kulitetea. Andiko nililowaletea lina kosa."

Profesa wa maziwa aliweka kalamu chini. "Mwombaji anayejikataa mwenyewe! Hii ni mpya. Umetupunguzia kazi."

"Niliandika kwamba uso wa punda utaniambia maumivu. Nilimtibu mgonjwa akapona, na uso haukubadilika." Akaziweka zile picha pacha mbele yao. "Hizi ni za kabla, hizi za baada. Nilidhani nimeshindwa. Kisha nikajua kwamba nilikuwa nimempima mnyama mwenye mambo mawili kwa wakati mmoja: anaumwa, na ametenganishwa na mwenziwe. Nikaliondoa la pili." Akaweka picha za mwisho. "Mgonjwa yuleyule, kizimba kilekile, chakula kilekile."

Mkuu wa Kitivo alivaa miwani. Profesa wa maziwa aliivuta picha moja karibu, akairudisha, akaivuta tena.

"Kipimo kisichotofautisha maumivu na upweke," aliendelea Mama Punda, "kitatufanya tuwape dawa wanyama wanaohitaji rafiki. Na kinyume chake pia, tutamwacha anayeumwa tukisema amekosa rafiki tu. Sina jibu bado. Naomba mbegu ili nijifunze kuyatenga mambo hayo mawili, na hilo sijaona aliyelifanya kwa punda."

"Naomba ile picha," ilisema sauti upande wa kushoto.

Mkuu wa hospitali aliipokea kwa ncha za vidole. Aliitazama kwa muda mrefu, kwanza chini walipo punda, kisha juu.

"Daktari, hapa juu pameandikwa nini?"

"Pameandikwa, 'Mnyama mgonjwa hulala peke yake,' Mzee."

"Na ndani ya kizimba nahesabu vichwa vingapi?"

"Viwili, Mzee."

"Labda macho yangu yamezeeka."

"Macho yako ni mazima, Mzee. Nilikuja kuomba ruhusa, ukawa chumba cha upasuaji. Nilimpima yule wa pili, nikaona ni mzima, nikafungua. Aliyefungua ni mimi."

"Ungeweza kulikata bango kwenye picha."

"Ningeweza."

Mzee aliiweka picha mezani, akainyoosha sambamba na ukingo wa meza. "Tupishe kidogo, Daktari, tupate kusema."

Nje, kwenye benchi la korido, wifi alimshika mkono bila kusema neno, na kwa mwanamke yule kunyamaza ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba gunia la pumba. Milango miwili ikafunguliwa na kufungwa. Mtu akapita na birika. Mwishowe wifi akashindwa.

"Amekasirika?"

"Hakukasirika. Amenyooka."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

Waliitwa wote wawili. Mkuu wa Kitivo alikuwa akitabasamu, lakini hakusema yeye. Alimpisha jirani yake kwa ishara ya mkono.

"Mimi ndiye niliyeiweka kanuni ile," alisema Mkuu wa hospitali, "kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza. Niliandika fupi ili hata mvivu aikumbuke. Katika ufupi huo nilimsahau mgonjwa asiyeambukiza, na kwa muda wote huu sikuona, kwa kuwa nilitazama kwato na sikutazama nyuso. Kama mjumbe wa jopo, nimesema andiko hili, pamoja na kosa lake, ndilo bora lililofika mezani mwaka huu. Wenzangu wamekubali. Mbegu ni yako."

Wifi alitoa sauti ambayo haijapata kusikika katika chumba cha mikutano cha kitivo kile, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Sijamaliza," alisema Mzee. "Kuanzia kesho, mgonjwa asiyeambukiza atalala na mwenziwe, kwa idhini ya maandishi. Hiyo ni ya kesho. Kosa ni la jana, na kanuni mpya hairudi nyuma kufuta deni la ile ya zamani. Kama Mkuu wa hospitali nakukumbusha, Daktari, kwamba beleshi liko nyuma ya mlango wa banda."

"Nalijua lilipo, Mzee," alisema Mama Punda, na uso wake ulikunjuka kiasi kwamba hapakuhitajika kipimo cha kuusoma.

"Mzee, na mimi nilikuwapo," wifi alijitosa. "Nigawieni nusu."

"Ulishika komeo?"

"Sikushika."

"Basi kaa. Adhabu haina mwenza kutoka idara nyingine."

Profesa wa maziwa ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii hakucheka kwa kudharau.

Jioni ile Mama Punda alivaa mabuti ya mpira, akajifunga kanga kiunoni juu ya gauni la kijivu, akashika beleshi. Alianzia kwa ng'ombe aliyezaa, akapita kwa mbuzi wenye kikohozi, kwa nguruwe aliyevunjika mguu, akazoa, akamwaga kwenye toroli, akasukuma hadi shimoni, akarudi. Wanafunzi walikusanyika ukutani kumtazama mhadhiri wao, naye akawauliza kama hawana vitabu. Wifi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimhesabia matoroli kwa sauti ya mnadani na kumshauri, kwa kuwa kushauri hakukukatazwa.

"Pembeni hapo, wifi! Umeacha fungu la mtu mzima!"

"Shuka kwenye ndoo uje uonyeshe."

"Siruhusiwi. Mimi ni mtii wa sheria."

Mama Punda alicheka hata beleshi likamponyoka, akaliokota, akaendelea. Viganja vilimchubuka. Mgongo ulilalamika. Hakukumbuka kama amewahi kufanya kazi kwa furaha namna ile tangu alipohitimu.

Alipokuwa akimaliza, Mkuu wa hospitali aliingia bandani akiwa na mabuti yake, mikono nyuma. Alipita kizimba kwa kizimba. Kwenye kile cha mwisho aliinama, akapitisha kidole chini ya hori, akakiinua.

"Hapa pamebaki."

Mama Punda alipiga magoti akakwangua mpaka saruji ikaonekana nyeupe. Mzee akapitisha kidole tena, akakitazama pande zote mbili chini ya taa, akakifuta kwa leso yake.

"Deni limelipwa," alisema, akampa mkono wake safi, naye akaupokea kwa mkono wake mchafu.